Waridi na Mnanaa kwenye Ukuta wa Baba Pacha

Baba Pacha alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani walimjua kwa mambo mawili: mageti yake hayalegei, na hasira zake hupanda mbio zikashuka kwa kutambaa. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara, kibanda cha mabati kilichogusana na cha seremala mmoja waliyemwita Randa, mtu aliyekuwa na maneno mengi kuliko meza alizowahi kumaliza.

Mkewe, Mama Pacha, alishona mapazia. Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa chumba chake cha kazi: cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na vitambaa vilivyopangwa kwenye rafu mpaka karibu na dari. Angeweza kuzungumza na mteja huku vidole vyake vikipapasa kitambaa bila kukitazama, kisha akasema, "Hiki usichukue, kitapauka kabla hujakizoea." Na kweli kingepauka. Binti zao pacha walikuwa shule ya bweni. Nyumba yenyewe ilikuwa imejengwa kidogo kidogo tangu wasichana hao hawajajua kutambaa, na sasa ilibakiwa na kitu kimoja tu, rangi.

"Nyumba hii imevaa saruji tangu izaliwe," alisema Mama Pacha asubuhi moja, amesimama uani na kikombe cha chai. "Mwaka huu inavaa nguo."

"Ivishe," alisema mumewe. "Mimi nimeijenga, wewe ivishe."

Aliyasema hayo kwa moyo mweupe. Baadaye alitamani ulimi ungemkwama.

Mama Pacha akamwita fundi rangi aliyemfahamu kutokana na kazi, kwa maana nyumba nyingi alizotundika mapazia, yule ndiye aliyekuwa amepaka kuta zake. Watu walimwita Maridadi. Hata suruali yake ya kazi, iliyojaa matone ya rangi za kila nyumba, ilikuwa imepigwa pasi ikasimama mstari. Alizungumza kwa sauti ya chini, na kabla ya kugusa ukuta alikuwa akiupitishia kiganja taratibu, kama mtu anayempima mtoto homa. Alipomkuta Baba Pacha mlangoni, aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Baba Pacha aliitikia, lakini moyoni akaanza hesabu. Mzee? Huyu hakuwa mdogo wake hata kidogo. Pengine alimzidi. Ila yeye miaka ilikuwa imempita pembeni, wala haikumkanyaga.

Maridadi alileta ndoo mbili kubwa, rangi alizochanganya mwenyewe baada ya kuzungumza sana na Mama Pacha. Moja aliiita waridi, nyingine mnanaa, kama yale majani ya kutia kwenye chai. Zote zingetumika, moja nje na nyingine ndani. Lililobaki ni ipi iwe wapi. Kwa hiyo alipaka viraka viwili kwenye ukuta wa mbele, kimoja kushoto kwa mlango na kingine kulia, kisha akapaka vingine viwili sebuleni na viwili chumbani.

"Rangi haijulikani kwa kutazamwa mara moja," alisema. "Ina tabia ya asubuhi, ya mchana na ya jioni, kama mtu. Nitakuwa napita tuziangalie pamoja."

Na kweli akawa anapita. Asubuhi Baba Pacha akiwa anafunga viatu, Maridadi yuko mbele ya nyumba, na Mama Pacha kando yake, mkono kidevuni. Jioni akirudi anawakuta palepale, wamerudi nyuma hatua kadhaa, vichwa vimeinama upande mmoja. Walizungumza kidogo, tena kwa maneno yasiyo na kichwa wala miguu.

"Leo amenuna," angesema Mama Pacha.

"Ni mawingu," angejibu Maridadi. "Ngoja yapite, utaona atakavyocheka."

Na mezani, wakati wa kula, jina lilikuwa lilelile. Maridadi anasema jua la mchana linamwonea waridi. Maridadi anasema mnanaa ukikaa karibu na miti unapotea. Maridadi anasema.

"Wewe mwenyewe unaionaje?" Mama Pacha alimuuliza siku moja. "Waridi nje, au mnanaa?"

"Zote nzuri," alisema Baba Pacha, akameza tonge.

Siku hiyo mkewe alipokwenda sokoni, Baba Pacha alitoka nje akakitazama kiraka cha kushoto. Akakitazama cha kulia. Akafumba jicho moja, kisha la pili. Akasogea mpaka pua ikakaribia plasta, akarudi nyuma mpaka kisigino kikagonga mti. Vilikuwa kitu kimoja. Viraka viwili vya rangi ileile, iliyofifia, kama maji yaliyofuliwa nguo nyeupe. Labda kimoja kilikuwa kizito kidogo, lakini ukuta wowote una sehemu iliyonyonya zaidi.

Sasa, ni vizuri ieleweke kwamba kwa Baba Pacha rangi hazikuwahi kuwa jambo kubwa. Utotoni alipigwa kwa kuchora majani ya kahawia, mwalimu akidhani ni utundu. Tangu hapo aliona kwamba majina ya rangi ni kama majina ya ukoo, mtu anayakariri tu. Nyasi ni kijani kwa sababu watu wamekubaliana hivyo. Mageti yake aliyapaka nyeusi yote, na wateja walidhani ndiyo alama ya kazi yake. Hakuwahi kufikiri kuwa wenzake wana kitu ambacho yeye hana. Nani hufikiri hivyo kuhusu macho yake mwenyewe?

Basi akafikiri jambo jingine. Ikiwa viraka ni kimoja, ni kitu gani kinachotazamwa asubuhi na jioni? Watu wazima wawili, wenye akili zao, wanasimama bega kwa bega mbele ya rangi moja na kujifanya wanachagua. Hasira zikampanda mbio kama kawaida yake, na hazikushuka.

Kesho yake karakanani alishindwa kufanya kazi. Alichomelea bawaba ya dirisha upande usio wake, akaikata, akaichomelea tena vilevile. Randa alimwona, akaacha kupiga msasa.

"Una nini wewe?"

Baba Pacha akamweleza. Hakutaka kumweleza, lakini wivu ni kama kikohozi, haufichiki. Randa alisikiliza huku akitikisa kichwa, penseli sikioni.

"Rangi moja, viraka viwili?"

"Moja."

"Na wanazitazama kutwa?"

"Kutwa."

"Ndugu yangu," Randa alisema kwa huzuni ya mtu aliyefurahi, "dalili ya mvua ni mawingu. Mimi sisemi kitu. Ila ningekuwa wewe, leo mchana ningesahau futi yangu ya kupimia nyumbani."

Mchana Baba Pacha akasahau futi. Njia nzima alitembea akijiambia atawakuta nje, uwanjani, mbele ya watu, na atarudi kazini ameaibika. Hapakuwa na mtu nje. Chumba cha kushonea kilikuwa kitupu, cherehani imenyamaza na nguo mdomoni. Sauti zilitoka chumbani. Chumbani kwake.

Mlango ulikuwa wazi, na dirisha pia. Maridadi alikuwa amesimama wima karibu na kitanda, kitambaa cheupe cha pazia kimemwangukia kutoka mabegani mpaka miguuni kama bwana harusi, na Mama Pacha alikuwa amemkaribia, anakinyoosha kitambaa hicho mpaka ukutani kwenye kiraka. Uso wake ulikuwa umechangamka. Baba Pacha alijaribu kukumbuka ni lini alimwona hivyo mara ya mwisho, akashindwa, na kushindwa huko kulimuuma kuliko alichokiona.

"Hodi ya nyumbani kwangu naipigia wapi?" alisema.

"Umewahi leo!" Mama Pacha aligeuka. "Njoo uone. Humu ndani mnanaa unakataa kabisa."

"Unakataa nini?"

"Unakataa pazia."

"Na wewe, wewe unakataa nini?"

Hapo mkewe akamtazama vizuri. Maridadi alianza kukivua kitambaa taratibu, akikikunja juu ya mkono wake.

"Mnanifanya mtoto," Baba Pacha alisema, na sauti ikapanda. "Mimi ni baba wa mapacha! Nimelea vitu viwili vinavyofanana, navijua nikiviona. Hizi ni rangi moja! Nje moja, sebuleni moja, humu moja! Mnatazama nini? Mnaambiana nini humu, na mimi nipo juani nachomwa na cheche?"

Mama Pacha aliutazama ukuta, akamtazama mumewe. Haikumpitia akilini kwamba mtu anaweza kuzitazama rangi zile asizione. Alichokisikia ni tusi, tena tusi la makusudi, lililopambwa na uongo wa kipuuzi ili liume zaidi.

"Rangi moja," alisema polepole.

"Moja! Na wewe bwana, toka."

Maridadi alimkabidhi Mama Pacha kitambaa chake. "Shemeji, kwaheri," alisema. Alipofika mlangoni akaongeza, bila kejeli, "Kwaheri, mzee."

Siku zilizofuata Mama Pacha aliongea na cherehani tu. Chakula kilipikwa, kikatengwa, kikafunikwa. "Chakula hicho," ndiyo maneno aliyoyasikia Baba Pacha nyumbani mwake. Alipojaribu kuanzisha mazungumzo, mkewe alimkatisha.

"Umenivunjia heshima mbele ya mtu wa kazi. Sina la kukujibu. Nikijibu nitakuwa nimekubali kuwa kuna swali."

Lakini ndoo mbili zilibaki barazani, na Baba Pacha kila akizipita aliona kama Maridadi mwenyewe amekaa pale, miguu ameinyoosha. Ndipo likamjia wazo. Mama Pacha alikuwa na mapazia ya nyumba ya wageni ya kwenda kutundika, kazi ya kutwa nzima. Akiondoka, yeye atapaka ukuta wa mbele mwenyewe. Jambo lenyewe gumu nini? Brashi juu, brashi chini. Atakaporudi atakuta kazi imekwisha, na ataona kuwa fundi mwenye suruali ya pasi hahitajiki hapa.

Gari la mteja lilipomchukua mkewe tu, Baba Pacha akaegemeza ngazi ukutani. Ndoo moja akaiweka kushoto kwa ngazi, nyingine kulia, ili popote atakapokuwa isiwe mbali. Akachovya iliyokuwa karibu. Kila alipohamisha ngazi alichovya iliyokuwa karibu. Alifanya kazi kwa nguvu, jasho likimwingia machoni, na kadiri alivyopaka ndivyo roho yake ilivyotulia. Ukuta ulikuwa unapendeza. Ulikuwa sawa mwanzo hadi mwisho.

Watu walipita. Wengine walipunguza mwendo. Jirani mmoja, mama mwenye kikapu, alisimama kabisa.

"Baba Pacha! Kumbe na hii unaiweza!"

"Kazi ni kazi tu, mama."

"Haya," alisema yule mama, akaenda zake huku mabega yakimtikisika. Baba Pacha akadhani kikapu ni kizito.

Ilipokaribia alasiri Randa akaja, kwa sababu Randa asingeweza kukosa kuona mwisho wa mambo aliyoyachochea. Alisimama barabarani, mdomo wazi, penseli ikamdondoka sikioni.

"Sasa hii nini?"

"Nini?"

"Mbona nyumba umeivisha viraka? Hapa pinki, hapa kijani, hapa katikati sijui niseme nini. Ndiyo fasheni?"

Baba Pacha alishuka ngazi. Aliutazama ukuta, ukamtazama, uleule mmoja usio na doa. Akamtazama Randa akitafuta mzaha usoni mwake, hakuuona. Randa hakuwa rafiki wa Maridadi, wala hakuwa na sababu ya kumtetea Mama Pacha. Yeye ndiye aliyesema mawingu. Baba Pacha akachukua mfuniko wa ndoo ya kwanza, akauinua.

"Hii rangi gani?"

"Pinki."

Akainua wa pili. "Na hii?"

"Kijani. Baba Pacha, unaumwa?"

Akaketi kwenye ngazi ya baraza, mikono imelowa rangi asizozijua. Alimfukuza Randa kwa upole, akimwomba asiseme kwa mtu, na Randa akaapa kwa mdomo uleule ambao kesho yake ungesimulia mtaa mzima.

Alipobaki peke yake ndipo wivu ulipomuuma kwelikweli. Ule wa mwanzo ulikuwa na dawa: umfukuze mtu, ufunge mlango. Alidhani mkewe na yule bwana walikuwa wanatazama kitu kisichokuwepo, kumbe kilikuwepo. Asubuhi kilicheka, jioni kilinuna, na wote wawili walikiona kikicheka na kununa, naye akapita katikati yao akaenda kuvaa viatu. Miaka yote mkewe alikuwa anakaa mle ndani na rafu zake zilizojaa mpaka darini, na yeye alidhani ni nguo tu.

Mama Pacha alishushwa barabarani jua likiwa bado lipo. Alisimama. Alitazama kutoka kona hii hadi ile, juu hadi chini. Baba Pacha alisubiri kelele.

"Hii ni adhabu yangu au yako?" mkewe aliuliza.

"Njoo hapa. Nionyeshe ilipo kijani."

"Usinichezee, nimechoka."

"Nionyeshe, mke wangu. Mimi siioni."

Kitu fulani katika sauti yake kilimfanya aweke mkoba chini. Akaenda ukutani, akaweka kidole. "Hii kijani. Hapa ndipo inapoanza waridi. Huoni mstari huu?"

"Sioni mstari. Nilipokwambia ni rangi moja sikuwa nakutukana. Kwangu mimi ni moja."

Mama Pacha aliondoa kidole ukutani. Akaja akaketi kando yake, si karibu sana.

"Lile gauni la kahawia," alisema. "Ulilonipa walipozaliwa wasichana. Ulisema umeniletea la kijani kwa sababu naipenda kijani. Mimi nikadhani unanidhihaki. Nililivaa huku nalia."

"Lilikuwa kahawia?"

"Kama udongo."

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, nimezaa watoto wawili na mume ananicheka?"

Walianza kucheka wote, wakaacha wote, kwa sababu swali lilikuwa bado limekaa kati yao. Baba Pacha ndiye aliyelisema.

"Na Maridadi?"

"Hakuna lililotokea."

"Unampenda?"

Mama Pacha alichubua tone la rangi lililoganda kwenye ngazi. "Napenda anavyoona," alisema. "Nikimwambia rangi imechoka, haniulizi imechoka vipi. Kwa miaka yote hii wewe kila nikikuuliza unasema zote nzuri. Sikujua kwa nini. Nilidhani hunisikilizi."

"Kwa hiyo ndiyo yaleyale."

"Si yaleyale. Lakini sitakudanganya kwamba si kitu."

Baba Pacha angependa adanganywe kidogo. Alisema tu, "Haya."

Ukuta haukuweza kubaki vile, na aliyeweza kuurekebisha alikuwa mmoja. Baba Pacha alikwenda mwenyewe kumtafuta, akamkuta juu ya jukwaa la mbao kwenye nyumba ya ghorofa, anapaka chini ya paa. Akamwita. Maridadi alishuka akijifuta vidole kimoja kimoja.

"Karibu, mzee."

"Kwanza hilo liache. Tunalingana."

"Nilikuwa nakuheshimu."

"Nipunguzie."

Maridadi akatabasamu. Baba Pacha akayaeleza yote, ukuta, gauni, majani ya kahawia shuleni, akiangalia pembeni kama anayeungama. Alipomaliza, fundi rangi hakucheka.

"Mjomba wangu alikuwa hivyo," alisema. "Ukimtuma nyanya analeta mbichi na mbivu pamoja, anapigwa. Mpaka anazeeka hakuna aliyemwamini."

"Nisamehe kwa siku ile."

"Nimesamehe."

"Ila nikuulize, mwanaume kwa mwanaume. Ulikuwa unakuja kwa ajili ya ukuta?"

Maridadi alikunja kitambaa chake cha kufutia, akakikunja tena. "Wateja wangu wengi huniambia paka yoyote," alisema. "Mama Pacha hasemi paka yoyote. Nitakuwa mwongo nikisema sikufurahi kuja. Lakini sikuwahi kumwambia neno ambalo lisingesemwa ukiwepo."

Jibu lilikuwa la haki, na Baba Pacha alilichukia neno kwa neno. Hata hivyo alimwambia aje.

Maridadi akaja. Akasugua ukuta kwa msasa, akaupiga mkono wa kwanza wa rangi nyeupe kuufuta ule upuuzi, kisha mnanaa juu yake. Mama Pacha ndiye aliyetoa hukumu: mnanaa nje, waridi ndani. Siku zote za kazi Baba Pacha alifunga karakana, akaweka kiti chini ya mti, akasema anasimamia. Hakuna aliyemuuliza anasimamia nini. Mkewe akitoka kutazama, naye alisimama. Mkewe akiinamisha kichwa, naye aliinamisha, upande uleule.

Mara moja, baada ya kula, Mama Pacha alijaribu kumweleza tofauti ya zile rangi. Alisema mnanaa ni kama maji ya mtungini, na waridi ni kama kiganja ulichokalia. Baba Pacha alifikiri sana, akasema ameelewa. Mkewe akajua hajaelewa, wakaliacha hapo.

Nyumba ilisifiwa mtaa mzima, hata na wale waliokuwa wakiicheka. Miezi kadhaa baadaye, siku ya mapumziko, Maridadi alipita na wateja wapya, mume na mke, kuwaonyesha ukuta ule kama mfano wa kazi yake. Mama Pacha alisikia sauti, akatoka na sindano bado mdomoni. Wakaanza yale yao: jua la leo, kona ile iliyoanza kuchoka. Baba Pacha alikuwa ndani amelala kwenye kochi. Aliinuka, akavaa shati, akatoka bila viatu mpaka alipowafikia, akajipenyeza katikati ya mkewe na fundi, akafunga mikono nyuma.

"Unaionaje kona hiyo?" Mama Pacha alimuuliza.

Aliitazama kwa muda mrefu. Wote walisubiri, hata wale wageni.

"Imechoka kidogo," alisema.

Maridadi alifungua mdomo kutaka kumuuliza imechoka vipi, lakini Mama Pacha alimkazia jicho, akaufunga.